Alama za kemikali: namna ya kujua pomboo ni wa wapi

Pomboo wawili wanaweza kuogelea ubavu kwa ubavu mbele ya mashua, rangi moja, kimo kimoja, kumbe ni wa jamii mbili. Mmoja hatoki kwenye ghuba yake mwaka mzima, mwingine ni wa bahari kuu. Kwa macho, hata mvuvi mzoefu atakosea. Miili yao haikosei, kwa sababu kila bahari wanamotafuta chakula huacha kitu ndani yao.

Kitu hicho ndicho kinachoitwa alama ya kemikali: kemikali yoyote inayoingia mwilini, hasa kwa chakula, ikabaki kwa kiwango kinachopimika, na kiwango hicho kikawa tofauti kati ya eneo moja na jingine.

Zinazotumika zaidi ni isotopi, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti. Kaboni nyingi duniani ni kaboni 12, na kama asilimia 1 tu ni kaboni 13, iliyo nzito kidogo. Nyasi za bahari hubeba kaboni 13 kwa wingi kuliko vijimea vinavyoelea bahari kuu. Samaki wa kwenye nyasi huirithi, na pomboo anayemla huirithi pia. Naitrojeni 15 nayo huongezeka kila mnyama anapomla mwenzake, hivyo hueleza pomboo anakula viumbe wa ngazi gani. Salfa husaidia kutenganisha wanaokula kwenye vinamasi vya pwani na wale wa maji ya wazi.

Sampuli huchukuliwa kwa mshale maalumu wenye ncha yenye tundu. Mshale humgusa pomboo mgongoni, hudunda, kisha huelea majini ukiwa na kipande cha ngozi na mafuta kisichozidi ncha ya kidole. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau: kila kiungo kina kalenda yake. Ngozi hujibadilisha, hivyo husimulia miezi michache tu iliyopita. Jino huongeza tabaka kila mwaka, mithili ya pete za mti, na hutunza habari za maisha yote.

Sumu za viwandani nazo ni alama, na inauma kukiri kwamba ni alama nzuri mno. Huko Brunswick, jimbo la Georgia nchini Marekani, eneo moja la viwanda lilichafua maji kwa Aroclor 1268, mchanganyiko wa PCB (kundi la kemikali za viwandani zenye klorini) ambao haukutumika sehemu nyingi. Mafuta ya pomboo wa pale yamejaa sumu hiyo. Ilipopimwa pia katika pomboo wa karibu na kisiwa cha Sapelo, takriban kilomita 40 kutoka hapo, mchanganyiko uleule ulionekana: dalili kwamba sumu imesafiri kandokando ya pwani, pengine ndani ya samaki wanaoliwa.

Ila PCB ina mtego wake. Mama humwaga sehemu kubwa ya sumu yake kwa mtoto kupitia maziwa, hasa mtoto wa kwanza. Ukilinganisha majike wa ghuba moja na madume wa nyingine, utadhani umepata jamii mbili, kumbe umepata jinsia mbili.

Je, vinasaba havitoshi? Vinasaba hueleza ukoo. Madume wachache wakizaa na jirani, tofauti ya vinasaba hufifia, ilhali kila kundi linaendelea kutafuta chakula kwake. Alama ya kemikali hueleza makazi, na wakati mwingine hilo ndilo swali lenyewe. Mafuta yalipomwagika katika Ghuba ya Mexico mwaka 2010, pomboo wengi walikutwa wamekufa fukweni. Wimbi humtupa mzoga popote. Watafiti walipima kaboni, naitrojeni na salfa katika ngozi zao ili kukadiria kila mmoja alitoka jamii ipi, na hivyo ni jamii ipi imepungukiwa.