Maana ya kuhamisha rekodi zenye uhusiano kutoka kanzidata moja kwenda nyingine

Kuhamisha rekodi zenye uhusiano ni kuzitoa taarifa zilizogawanywa katika majedwali yanayotegemeana ndani ya programu moja ya kanzidata (database), na kuziingiza katika programu nyingine kwa namna ambayo kila rekodi itaendelea kuielekea ileile iliyokuwa ikiielekea awali. Uzito wa maana hii uko katika sehemu yake ya mwisho. Kunakili orodha ya majina ni kazi ndogo. Kuhakikisha kwamba kila jina limefika pamoja na mashamba yake, mizigo yake na malipo yake ndiko kunakohitaji mpango.

Tuchukue chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, tuseme upande wa Hombolo au Mpunguzi, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, ambacho kimetunza kumbukumbu zake kwa Microsoft Access katika kompyuta ya ofisini na sasa kinataka kuzihamishia PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, ili karani wa mizani na mhasibu wazitumie kwa wakati mmoja bila kugombea faili. Kumbukumbu hizo zimo katika majedwali matatu: Wanachama, Mashamba na Mapokezi. Karani anapopima zabibu, jedwali la Mapokezi haliandiki jina la mkulima. Linaandika namba ya shamba, tarehe na kilo. Jedwali la Mashamba nalo linaandika namba ya mwanachama anayelimiliki shamba. Jina lenyewe limeandikwa mara moja tu, katika jedwali la Wanachama. Muundo wa namna hii unatokana na makala ya mwaka 1970 ya Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani. Manufaa yake ni kwamba jina lililokosewa hurekebishwa mahali pamoja, na marekebisho hayo huonekana kila linapotumika.

Namba inayoitambulisha rekodi ndani ya jedwali lake huitwa ufunguo msingi, na namba hiyohiyo inapoandikwa katika jedwali jingine ili kuielekea rekodi hiyo huitwa ufunguo wa kigeni. Uhusiano wote kati ya mkulima na kilo zake umebebwa na funguo hizi mbili. Hakuna kitu kingine kinachowaunganisha, na jina halifai kushika nafasi hiyo, kwa sababu katika kijiji kimoja watu watatu wanaweza kuitwa jina moja mpaka la babu.

Hatari kubwa huzuka pale programu mpya inapoachwa ijigawie namba yenyewe. Katika kanzidata ya zamani kuna mapengo, kwa kuwa wapo wanachama waliofutwa kwa miaka mingi. Basi programu mpya ikianza kuhesabu moja, mbili, tatu, mwanachama aliyekuwa na namba 214 anaweza kujikuta na namba 187. Jedwali la Mashamba, lililoingizwa kama lilivyokuwa, bado linasema kwamba shamba ni la mwanachama 214, na katika kanzidata mpya namba hiyo ipo, isipokuwa ni ya mtu mwingine. Programu haitalalamika, maana kwa upande wake kila kitu ni halali. Kwa maoni yangu kosa hili ni baya kuliko kuziacha rekodi yatima, yaani zile zinazoelekea namba isiyokuwepo kabisa, kwa sababu yatima hugunduliwa kwa swali moja la SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, ilhali shamba lililohamia kwa mtu mwingine hugunduliwa siku ya malipo.

Njia rahisi ya kuliepuka kosa hili ni kuziingiza namba za zamani kama zilivyo. Njia hiyo hushindikana pale vyama viwili vinapounganishwa, kwa kuwa kila kimoja kina mwanachama wake namba 1. Hapo hutengenezwa jedwali la ulinganisho, ambalo katika kila mstari linaonyesha chama alichotoka mwanachama, namba yake ya zamani na namba yake mpya. Kisha kila ufunguo wa kigeni hubadilishwa kwa kulisoma jedwali hilo kabla ya kuingizwa. Jedwali hili lisitupwe kazi ikiisha, kwani risiti za karatasi walizo nazo wakulima bado zina namba za zamani.

Mpangilio wa kuingiza nao una kanuni yake: anayeelekewa hutangulia. Wanachama huingia kwanza, Mashamba hufuata, Mapokezi huja mwisho. Ukianza na Mapokezi, PostgreSQL itayakataa iwapo masharti ya ufunguo wa kigeni, yaani yale yanayokataza kuielekea rekodi isiyokuwepo, yamekwisha kuwekwa, na ni vyema yawe yamewekwa.

Watu wengi husafirisha data kwa faili za CSV (faili za maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa mkato), ambazo hazina kasoro yoyote hadi mtu anapozifungua katika Excel ili kuzitazama kidogo, kisha akazihifadhi. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, na Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Ikiandikwa bila vistari na kuchukuliwa kama namba, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri na hazirudi. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo. Safu za aina hiyo hazifanyiwi hesabu, kwa hiyo zitunzwe kama maandishi tangu mwanzo hadi mwisho. Tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, kama 2019-03-04, kwa sababu 03/04/2019 ni tarehe 3 Aprili kwetu na tarehe 4 Machi kwa kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani.

Baada ya kuingiza namba za zamani, kihesabu cha PostgreSQL kinachotoa namba mpya hakisogei chenyewe. Kisiposogezwa hadi baada ya namba kubwa iliyopo, mwanachama wa kwanza kuandikishwa anaweza kupewa namba yenye mwenyewe, na programu itamkataa.

Uhakiki hautoshi kwa kulinganisha idadi ya rekodi, kwani idadi inaweza kuwa sawa huku mashamba yamebadilishana wenyewe. Kipimo cha kuaminika zaidi ni jumla ya kilo za kila mwanachama kwa kila msimu, ikikokotolewa katika kanzidata zote mbili kwa kuanzia Mapokezi, kupitia Mashamba, hadi kufika kwenye jina, kwa kuwa ni vigumu hesabu hiyo kutoka sawa kwa kila mtu iwapo uhusiano umevunjika. Chama kinapofanya uhakiki huo kiweke kanzidata ya zamani iwe ya kusomwa tu, na nakala zote za muda, zikiwemo zile zilizobaki katika flashi ya fundi, zifutwe hesabu zikikubaliana, kwa kuwa zina majina, simu na namba za NIDA, taarifa ambazo tangu mwaka 2023 zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.