Kuongeza jeni peke yake hakumfanyi bakteria atoe mafuta mengi

Wengi hudhani kwamba ukitaka bakteria atoe asidi nyingi za mafuta, mwongezee tu jeni za kuzitengeneza, basi. Sivyo. E. coli, kipenzi cha maabara, haweki akiba ya mafuta. Hutengeneza ya kujengea utando wa seli yake, na akitosheka husimama.

Asidi hiyo hurefushwa kaboni mbili mbili ikiwa imeshikizwa kwenye protini inayoibeba. Minyororo iliyokamilika ikirundikana juu ya wabebaji hao, yenyewe huzuia vimeng'enya vinavyoanzisha kazi, hasa kile kinachotengeneza malonili-KoA, malighafi ya kurefushia mnyororo. Ongeza jeni utakavyo, breki iko palepale.

Dawa yake ni kukata. Kimeng'enya TesA huitenganisha asidi na mbebaji wake, ila kwa kawaida hukaa nje ya utando wa ndani, mbali na shughuli. Mwaka 1995, Cho na Cronan wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walikiondolea kipande kinachokipeleka huko. Kikabaki ndani, kikakata, breki ikalegea, na asidi huru zikarundikana hadi kwenye maji ya kuoteshea.

Tena bakteria huyohuyo hula mafuta (hili husahaulika sana), kwa hiyo watafiti humwondolea jeni fadD, inayomwezesha kuanza kuyavunja. Urefu wa mnyororo nao huamuliwa na mkataji: kimeng'enya cha mti Umbellularia californica hutoa asidi ya lauriki, yenye kaboni 12, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi.