Wafuasi Wengi Si Hakikisho la Biashara ya Kuaminika

Watu wengi huamini kwamba biashara yenye wafuasi wengi kwenye mitandao ya kijamii ni ya kuaminika, na kwamba kila mfuasi ni mteja aliyeridhika. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa tangu zamani duka linalojaa watu limehesabiwa kuwa duka zuri.

Hata hivyo, idadi ya wafuasi haipimi mauzo wala uaminifu. Wafuasi huuzwa kwa maelfu, wengi wao wakiwa akaunti bandia zinazoendeshwa na programu. Tena akaunti iliyovutia watu kwa vichekesho inaweza kuuzwa, ikabadilishwa jina na picha, kisha ikaanza kutangaza viatu huku wafuasi wakibaki walewale.

Msomaji anaweza kujichunguzia mwenyewe. Ashuke hadi machapisho ya mwanzo kabisa aone kama akaunti ilikuwa ikiuza bidhaa hiyohiyo. Baadhi ya mitandao huonyesha pia tarehe akaunti ilipofunguliwa. Asome maoni badala ya kuyahesabu: wateja halisi huuliza saizi, hulalamikia kuchelewa, hutaja rangi waliyoletewa, ilhali akaunti bandia mara nyingi hurudia sifa fupi zinazofanana. Picha ya bidhaa nayo inaweza kutafutwa mtandaoni kwa huduma ya kutafuta kwa picha, na ikionekana kwa wauzaji wengi wasiohusiana, ni vyema muuzaji aombwe, kabla ya kulipwa chochote, picha mpya ya bidhaa hiyo ikiwa kando ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo.