Vituo vya teknolojia vya watoto Urusi: yanayosemwa na yalivyo

Ukisikia kwamba mwanafunzi wa sekondari jijini Moscow anatoka shule na kupitia chuo kikuu kuchonga vipuri, utadhani ni mtoto wa kigogo. Sivyo. Mtandao wa vituo vya Kvantorium, ulioanza mwaka 2015, unagharimiwa na serikali na mafunzo yake ya msingi ni bure. Vyuo vikuu navyo vina vituo vyao: Bauman kina Inzhinirium, RTU MIREA kina Altair. Wa vijijini hufuatwa na lori lililosheheni vifaa, likikaa kwa muda mahali pamoja kisha kuhamia kwingine.

“Lakini si wanacheza na roboti tu?” Dhana hii ndiyo sugu kuliko zote, pengine kwa sababu picha za roboti ndizo zinazosambaa. Roboti zipo, ila kazi yenyewe iko kwingine. Chukua mtoto aliyepewa kutengeneza kibano cha kushikilia kamera kwenye droni. Anakichora kwenye kompyuta, anakichapisha kwa printa ya 3D, anakaza skrubu, kinakatika. Anachapisha kingine kinene zaidi. Kinashika, lakini sasa droni inalemewa. Kosa halikuwa kwenye plastiki. Printa hujenga kitu tabaka juu ya tabaka, na sehemu dhaifu ni pale tabaka zinapogusana. Akikilaza kibano upande mwingine kabla ya kuchapisha, mzigo hufuata tabaka badala ya kuzibandua. Plastiki ni ileile, uzito ni uleule wa kibano cha kwanza, na safari hii kinahimili.

Kitu kiwe chepesi na papo hapo kiwe imara: migongano ya namna hiyo ndiyo kiini cha TRIZ, mbinu ya uvumbuzi ambayo Genrikh Altshuller alianza kuijenga mwaka 1946, na ambayo watoto wa Kvantorium hufundishwa. Hufundishwa Kiingereza pia. Na sataranji! Mzazi aliyelipia nauli akitegemea mwanawe ashike waya hukuta anasogeza farasi na ngome.

Wapo wanaoamini kwamba ukiwa na mashine, umemaliza. Kwa maoni yangu, kituo chenye printa kumi na mwalimu asiye na tatizo la kuwapa watoto walitatue kitaishia kuchapisha vishikio vya funguo. Mashine ya leza hukata chochote inachoambiwa. Kujua cha kuiambia ndiyo kazi ya mwalimu.

Kwamba wameiga Marekani? Urusi ilikuwa na vituo vya mafundi chipukizi enzi za Usovieti, na Leningrad (sasa St. Petersburg) ilifungua Kasri la Mapainia, jumba la shughuli za watoto wa jumuiya ya Kisovieti ya Mapainia, mwaka 1937 ndani ya Kasri la Anichkov, lililokuwa la familia ya kifalme.

La mwisho huwagusa wazazi zaidi: eti mtoto akipita huko, nafasi ya chuo ni yake. Cheti cha kituo hakimwondolei mtihani wa taifa. Kinachoweza kumsaidia ni kushinda mashindano yanayotambuliwa, kama Olimpiadi ya Kitaifa ya Teknolojia, ambayo mshindi wake anaweza kupokelewa bila mtihani wa kuingilia au kuhesabiwa alama 100 katika somo husika. Mafanikio mengine binafsi huongeza alama kidogo, kwa jumla zisizozidi 10.