Sala iliyobaki kinywani

Mimi ni mchungaji wa hospitali. Kazi yangu ni kuzunguka wodini, kukaa na wagonjwa na kuomba nao, na kwa miaka mingi niliifanya kwa mdomo. Nilijaliwa maneno. Nikisimama penye kitanda sala ilitiririka, ndugu wa mgonjwa wakaitikia amina, nikaenda kitanda kinachofuata. Miaka ya mwisho kabla sijaugua maneno yale yalikuwa yakitoka yenyewe, moyo umebaki nyumbani. Na sala za kukariri nilizidharau waziwazi. Vijana wa kipaimara niliwaambia Mungu anataka maneno yako mwenyewe, si ya kitabuni.

Asubuhi moja kikombe cha chai kiliniponyoka. Mkono wa kulia haukuwa wangu tena. Nikamwita mke wangu. Sauti ilitoka, jina lake halikutoka. Presha nilikuwa nayo, ila dawa nilimeza siku nikijisikia vibaya tu. Picha ya CT ilionyesha mshipa unaolisha upande wa kushoto wa ubongo umeziba. Kiharusi.

Nieleze kidogo, maana wengi mnaniandikia kuhusu wazazi wenu. Kwa watu walio wengi, kazi ya lugha hufanyika zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa anachoambiwa lakini akajibu karibu kila swali kwa silabi moja: "tan". Alipofariki, Broca alikuta jeraha sehemu ya mbele ya upande huo wa kushoto. Hali hii tunaiita afasia. Si ububu, si wazimu, wala si ulimi uliofungwa na jirani. Kijiko nilikijua ni kijiko, kazi yake niliijua, jina lake tu ndilo lililokataa kuja. Na nilisikia kila kitu kilichosemwa juu ya kitanda changu.

Watumishi wenzangu walikuja. Mmoja alinikumbusha habari za Zakaria, kuhani aliyepigwa ububu kwa kutosadiki, akaniuliza nilikuwa nimemtilia Mungu shaka gani. Mwingine alinishika kichwa: "Mchungaji, kiri! Kwa kinywa mtu hukiri hata kupata wokovu!" Kinywa ndicho nilichokuwa sina. Walipoondoka niligeukia ukutani. Nilikuwa na hasira na Mungu, na hata hiyo sikuweza kumwambia.

Neno langu la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa. Mpwa wangu wa miaka saba aliletwa kunisalimu. "Shikamoo, mjomba." Nikasema, "Marahaba." Chumba kizima kikanyamaza. Muuguzi akanionyesha glasi, akaniuliza hii ni nini. Hakuna kitu.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Kuna maneno tunayoyaunda, na kuna maneno yaliyokwisha kuundwa. Marahaba, kuhesabu moja mbili tatu, siku za juma, nyimbo, sala za utotoni: haya yamerudiwa mara nyingi mno hata hayahitaji tena kutafutwa moja moja, na mara nyingi yananusurika pale lugha ya kawaida inapoharibika. Si jambo jipya. Mwaka 1745, huko Uswidi, Olof Dalin aliandika habari za kijana aliyepooza upande wa kulia asiyeweza kusema, lakini akiimba tenzi alizojifunza kabla ya kuugua, na kutamka sala kwa mahadhi yake. Mwaka 1973 watafiti wa Boston walitangaza tiba inayotumia wimbo kumrudisha mgonjwa kwenye maneno.

Mimi sikujua lolote katika hayo. Nilijua tu kwamba kina mama wa usharika walikuja siku moja, hawakuhubiri, wakaimba utenzi mmoja taratibu. Ubeti wa pili nikasikia sauti ya kiume. Ilikuwa yangu.

Usiku ule, wodi imelala, nilijaribu peke yangu. "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe..." Ilitoka! Nikafika "Utupe leo riziki yetu", nikakwama. Nikataka kuendelea palepale nilipoishia, haikuwezekana. Maneno ya aina hii yamefungwa kama mnyororo. Ukikatika, unaanza pete ya kwanza. Kwa hiyo nikaanza tena: Baba yetu. Nikakwama. Baba yetu. Sijui usiku ule nilimwita Baba mara ngapi. Nililia, na haikuwa ile hasira. Maneno niliyoyatunga mwenyewe yote yalikuwa yamechukuliwa, hata yale mazuri niliyojivunia, na yaliyobaki ni yale niliyopewa na bibi yangu jikoni, kabla sijajua kusoma. Nilikuwa nimehubiri neema maisha yangu yote. Usiku ule nilikuwa mtu wa kupokea.

Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuugua ni kutoa sauti ya uchungu. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, "lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Mstari huo nimeuhubiri mara nyingi. Sasa kila nikiusoma nasikia maana zote mbili kwa pamoja, na sitaki kuzitenganisha.

Lakini naomba mnielewe vizuri. Mgonjwa akiimba, usitangaze kwamba amepona ukamwachisha mazoezi. Wala usimwambie, "Mbona kwenye kuimba unaweza? Unajifanya!" Hajifanyi. Na presha haisikii ushuhuda: nimezika watu waliotupa vidonge baada ya kuombewa. Mimi nameza changu kila siku, nikishukuru. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au usemi ukivurugika, mkimbizeni hospitali kwanza; dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale ilipo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu hivi tangu dalili zianze. Ombeni njiani.

Wodini nafanya kazi tofauti sasa. Mgonjwa aliyepooza kulia namkaribia kwa kushoto, kwa sababu huenda upande wa kulia haoni vizuri. Nauliza maswali ya ndiyo na hapana, ajibu kwa kidole gumba. Ndugu nawauliza alipokuwa mtoto alisali kwa lugha gani. Bibi wa kijijini huenda Kiswahili kimegoma kabisa, lakini sala ya lugha ya mama ikaja. Naanza nusu ya mstari, kisha nanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote. Ndugu wanataka kumsaidia kumalizia, nami nainua mkono wasimmalizie.

Na Ushirika Mtakatifu simpi mtu hadi muuguzi aseme kumeza kumepimwa. Kiharusi huharibu koo pia, na divai, kwa wepesi wake, huingia mapafuni kirahisi ikaleta nimonia. Zamani nilikuwa natoa tu, kwa imani. Mungu anisamehe.

Maneno yangu yamerudi, si yote. Jumapili naongoza ibada nikisoma sala zilizoandikwa, na washarika wamezoea kunisubiri. Majuzi nilikwama katikati ya Sala ya Bwana yenyewe, mbele ya kanisa zima. Nilisimama nimeshika mimbari. Kisha mpwa wangu, benchi la mbele, akaanza upya kwa sauti yake nyembamba, "Baba yetu", na wote wakaanza naye, nami nikaingia.