Je, Wajua Kwa Nini Kiti cha Rola Kosta Humkataa Mtu Mnene au Mrefu?

Nje ya rola kosta nyingi kubwa za Marekani, yaani treni za burudani zinazopanda na kushuka reli kwa kasi, kabla hujaingia kwenye foleni, utakuta kiti kimoja kimesimikwa peke yake, hakina reli chini wala treni mbele yake. Ni kiti kilekile kilichomo ndani, chenye mkanda uleule na chuma kilekile cha kushusha mapajani. Mgeni huketi, huvuta chuma kuelekea tumboni, husikiliza kinavyolia ka-ka-ka kadiri meno yake yanavyoshika, kisha hujua palepale kama atapanda au atabaki chini kuwashikia wenzake mikoba. Kiti hicho kimewekwa hapo kwa sababu wapo waliopanga foleni juani saa nzima, wakafika mbele, wakaketi, chuma kikagoma kufunga, nao wakateremka mbele ya macho ya treni nzima.

Ukiuliza sababu, wengi watakuambia kwamba mashine haiwezi kubeba kilo nyingi. Jibu hilo linaingia akilini upesi, lakini kwa rola kosta silo. Treni moja ina tani kadhaa za chuma, na kabla ya kupakia binadamu huzungushwa mara nyingi ikiwa na midoli mizito iliyojazwa maji katika viti vyote, hivyo bonge mmoja wa kilo 140 hawezi kuibabaisha. Ndiyo maana rola kosta nyingi haziandiki kikomo cha uzito mlangoni, na ndiyo maana watu wawili wenye kilo sawasawa wanaweza kuketi viti vya jirani, mmoja akafungwa bila taabu na mwingine akateremshwa. Kiti hakijui kilo. Kinachojua ni pale chuma kilipokomea.

Ili kuelewa kwa nini chuma hicho kina ukaidi kiasi hicho, fikiria treni inapopita juu ya kilele cha mlima wa reli kwa kasi kubwa. Mwili, ukiachwa huru, ungependa kuendelea kupaa kama jiwe lililorushwa, lakini kiti tayari kimeanza kushuka. Kwa sekunde chache abiria hakai tena juu ya kiti: anavutwa chini na chuma kilichomlalia mapajani. Raha yote ya safari imo katika sekunde hizo, na hatari yote pia. Chuma hufanya kazi yake vizuri kikilala juu ya mapaja karibu kabisa na nyonga, kwa kuwa hapo kuna mifupa mikubwa isiyobonyea na misuli inayoweza kuhimili. Mtu mwenye kitambi anapokaa, tumbo hutangulia mapaja, na chuma hukoma kwenye tumbo. Kwa macho anaonekana amefungwa, hata yeye mwenyewe anahisi amebanwa, tena amebanwa kuliko wenzake wote. Lakini tumbo ni laini. Nguvu ya kupaa ikija, nyama hubonyea, mwili huinuka, na pale palipokuwa pameshikana hutokea nafasi. Sentimita chache zinatosha kumfanya mtu ateleze.

Hapo ndipo tofauti ya umbo inapoingia. Mwanamke mwenye makalio na mapaja manene lakini tumbo dogo anaweza kufungwa katika kiti ambacho mwanamume mwenye miguu myembamba na kitambi kikubwa hawezi, ingawa mizani ingewapa kilo zilezile. Kwenye viti vinavyobana paja moja moja mambo hugeuka, mwenye mapaja akapata shida na mwenye kitambi akaketi raha mustarehe. Katika daladala mtu wa miraba minne huketi viti viwili, kondakta akapiga kelele, abiria wakasogea, safari ikaendelea. Kwenye rola kosta hakuna wa kusogea.

Uamuzi wa mwisho haufanywi na mhudumu anayepita akivuta vyuma kwa mkono, ingawa naye ana kazi yake. Katika vyombo vingi vya kisasa, nyuma ya kiti au chini yake kuna kihisi kidogo kinachopima kama chuma kimefika pembe ya chini kabisa iliyokubaliwa na mtengenezaji, na habari hiyo huenda kwenye kompyuta inayoendesha treni. Kiti kimoja kikikosa, treni haiondoki. Vipimo hivi vina viwango vyake vya kimataifa. Shirika la viwango la ASTM la Marekani liliunda kamati yake ya mashine za burudani, inayoitwa F24, mwaka 1978, na kiwango chake cha usanifu, F2291, hugawa vifungio vya abiria katika madaraja 5, kuanzia chombo kisichohitaji kifungio chochote hadi kile chenye nguvu kali ambacho kifungio kimoja kikifeli ni lazima pawepo kingine cha kushika.

Yanayotokea mtu akikichezea kihisi hicho yalionekana Orlando, jimbo la Florida, usiku wa tarehe 24 Machi 2022. Mnara wa kudondosha watu uliokuwa kwenye kituo cha burudani cha ICON Park, wenye urefu wa mita 131, ulimdondosha kijana wa miaka 14 aliyekuwa na uzito wa zaidi ya kilo 170, wakati kitabu cha mtengenezaji kiliweka kikomo cha kilo 130. Kijana huyo alichoropoka kitini mnara ulipofunga breki, akafa. Wataalamu waliochunguza kwa niaba ya serikali ya jimbo walikuta kwamba kihisi cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, kikaruhusu fremu ya kifungio inayoshuka mabegani ibaki wazi karibu mara mbili ya kawaida. Taa ziliwaka kama inavyotakiwa, na kompyuta iliamini kwamba amefungwa. Viti havikuwa na mkanda wa ziada. Mnara ulivunjwa mwaka 2023, na mwaka huohuo Florida ikapitisha sheria ya kukaza masharti ya mashine za namna hiyo. Nimeeleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu linajibu swali ambalo mtu aliyekataliwa huwa nalo moyoni, yaani kwa nini wasimsaidie kidogo tu, wakalegeza kidogo tu. Pale walilegeza.

Kwa mtu mrefu hesabu ni nyingine. Wengi hudhani kwamba shida yake ni kichwa kugonga vyuma vya juu, na ni kweli kwamba wasanifu huliwazia sana jambo hilo: kabla ya rola kosta kufunguliwa, hufungwa juu ya gari fremu yenye umbo la nafasi ambayo mwili wa mtu mrefu, pamoja na mikono yake aliyoinyoosha, unaweza kufika, kisha gari hilo hupitishwa reli nzima polepole kuangalia kama fremu itagusa nguzo, tawi la mti au ukuta wa pango. Atakayezidi fremu hiyo hana uhakika, na ndiyo sababu baadhi ya vyombo huweka kikomo cha juu cha kimo, mara nyingi karibu na sentimita 195 au 200. Lakini shida ya kila siku ya mrefu iko kwenye kiti chenyewe. Fremu inayoshuka mabegani inapaswa kufika chini mpaka mkanda wake mfupi unase kati ya mapaja, na mtu mwenye kiwiliwili kirefu huizuia kwa mabega kabla haijafika. Mwenzake wa kimo kilekile, ambaye urefu wake wote umo miguuni, atafungwa mara moja, ila magoti yake yatakuwa yamekwaa kiti cha mbele. Kipimo cha mlangoni humpima mtu akiwa amesimama, wakati kiti kinahusika na kimo chake akiwa amekaa, na hivyo viwili havilingani kwa kila mtu.

Basi kwa nini wasitengeneze viti vikubwa, wakamaliza? Kwa sababu kiti hichohicho kinapaswa kumshika mtoto wa sentimita 122, kimo cha chini kinachotakiwa kwenye rola kosta nyingi za Marekani. Kiti kikiwa kipana, mtoto hutupwa kushoto na kulia kama chungwa ndani ya ndoo, na chuma kilichotengewa nafasi ya kitambi humwachia yeye upenyo wa kuchomoka. Kila sentimita anayoongezewa mkubwa anadaiwa mdogo. Ipo pia sababu ya pesa, na hii haisemwi mara nyingi: chombo kikubwa hutakiwa kusafirisha watu zaidi ya elfu moja kwa saa, na viti vinne katika safu vikipunguzwa kuwa vitatu, foleni hurefuka na mapato hushuka. Naona hapo ndipo malalamiko ya wanene yana uzito, maana lile la mtoto ni hesabu ya nguvu na mifupa, lakini hili la foleni ni uchaguzi wa mwenye mali.

Ushahidi kwamba uchaguzi upo ulionekana mwaka 2010. Tarehe 18 Juni mwaka huo, bustani ya Islands of Adventure ya kampuni ya Universal, Orlando, ilifungua eneo la Harry Potter, na chombo chake kikuu, Forbidden Journey, kikaanza kuwakataa wageni wengi wenye miili, wengine wakiwa wamesafiri kutoka mbali kwa ajili yake tu. Hazikupita siku nyingi, ndani ya mwaka uleule viti vya pembeni katika kila safu ya watu wanne vikarekebishwa ili chuma kiweze kumfunga mtu mwenye kifua na tumbo kubwa zaidi. Reli ilikuwa ileile na mwendo uleule. Mgeni mnene akiomba kiti cha pembeni leo, anaomba kitu ambacho siku ya ufunguzi hakikuwepo.

Kampuni hiyohiyo ilirudi kwenye lawama Februari 2023, ilipofungua Super Nintendo World, eneo la michezo ya video ya Nintendo, huko Hollywood. Chombo cha Mario Kart, ambacho kilianzia Osaka, Japani, mwaka 2021, kilikuja na tangazo kwamba mtu mwenye kiuno cha inchi 40 au zaidi, yaani kama sentimita 102, huenda asiweze kupanda. Takwimu za CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, zinaonyesha kwamba kiuno cha mwanamume mtu mzima nchini humo ni wastani wa inchi 40.5. Maana yake ni kwamba mwanamume wa kawaida kabisa, ambaye hakuna jirani anayemwita tipwatipwa, alikuwa tayari ameonywa. Na chombo chenyewe si cha kutisha: kinakwenda polepole ndani ya jengo, hakipindui watu wala hakiwaangushi. Ubaya ulikuwa wa nafasi kati ya kiti na chuma, na nguvu za mwendo hazikuwa na lawama.

Kuna mahali kilo zenyewe ndizo zinazohesabiwa, nako ni kwenye mitelezo ya maji. Huko hakuna reli inayoshika boya, na uzito hubadili kasi na njia ya safari. Mtelezo wa Verrückt wa Kansas City, uliofunguliwa mwaka 2014 ukiwa na kimo cha mita 51 hivi kutoka ardhini, uliwapandisha wageni watatu watatu kwenye mizani na kutaka jumla yao iwe kati ya kilo 181 na 249. Ulifungwa mwaka 2016 baada ya mtoto kufa. Kwa hiyo mtelezo ukikutaka upime uzito, pima, na usione haya. Mizani ile ina kazi.

Anayejiandaa kwa safari, awe anakwenda Orlando au bustani ya Ferrari World ya Abu Dhabi ambako rola kosta ya Formula Rossa hukimbia kilomita 240 kwa saa, ana mambo machache ya kufanya yanayosaidia kweli. La kwanza ni kile kiti cha nje, na wakati mzuri wa kukijaribu ni asubuhi watu wakiwa wachache. La pili ni namna ya kuketi: sukuma makalio nyuma mpaka yaguse mgongo wa kiti, nyoosha kiwiliwili, vuta chuma kwa mkupuo mmoja huku umetoa pumzi, maana anayeketi akiwa ameteleza mbele hujinyima sentimita ambazo angezihitaji. Toa simu na pochi mfukoni. La tatu ni kumwuliza mhudumu, kwa sauti ya chini ukipenda, safu ipi ina mkanda mrefu au mikanda miwili, kwa kuwa rola kosta kadhaa zenye fremu za mabegani zina safu kama hiyo na hazina bango la kuitangaza.

Kwenye TRON, rola kosta ya bustani ya Magic Kingdom ya Disney huko Florida, iliyofunguliwa Aprili 2023, wapandaji huinama kifudifudi kama waendesha pikipiki, kifungio kikiwabana mgongoni na nyuma ya vigimbi vya miguu. Mlangoni kuna pikipiki ya majaribio. Anayeshindwa kuikalia humwambia mhudumu, naye humsogeza kando kusubiri treni yenye behewa la viti vya kawaida mkiani. Atasubiri kidogo zaidi, kisha atazunguka reli ileile waliyozunguka wenzake, akiwa ameketi wima.