Mafuta ya ndege wa baharini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Watafiti hupima mafuta ya ndege wa baharini ili kujua wamekula nini. Haya ni madai yanayosikika kuhusu njia hiyo, na majibu yake.

"Ukitaka kujua ndege kala nini, mtazame tumboni."
Tumbo husimulia hasa mlo wa mwisho, tena kwa upendeleo. Midomo migumu ya ngisi inaweza kukaa humo wiki kadhaa, ilhali krili (wanyama wadogo wa baharini wanaofanana na kamba) na samaki wachanga huyeyuka upesi. Anayehesabu mabaki ataapa kwamba ndege huyo hajui chakula kingine ila ngisi. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hutunza habari za wiki kadhaa, pamoja na zile siku ambazo ndege alikuwa mbali na macho ya watu.

"Mwili huvunja mafuta yote, hakuna alama inayosalia."
Kwa ng'ombe na wengine wanaocheua, dhana hii ina ukweli mwingi, kwa sababu bakteria wa tumboni huyageuza mafuta kabla hayajafyonzwa. Ndege si hivyo. Asidi za mafuta, yaani minyororo ya kaboni inayounda mafuta, zenye kaboni 14 au zaidi huwekwa akiba mwilini mwake bila kubadilika sana. Ndiyo maana asidi 20:1 na 22:1 (kaboni 20 au 22, na kiungo maradufu kimoja), ambazo kopepoda, wadudu-maji wadogo sana wa baharini, wa jenasi ya Calanus huziunda kwa wingi, hupanda kutoka kwa kopepoda hadi kwa samaki, kisha kwa ndege.

"Kila windo lina asidi yake ya pekee."
Laiti ingekuwa hivyo! Samaki, ngisi na krili wana asidi karibu zilezile, na kinachowatofautisha ni uwiano wake. Mtafiti husoma mchoro mzima wa asidi kwa pamoja.

"Kromatografia ya gesi ikishapima, jibu limepatikana."
Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mashine hiyo, inayotenganisha asidi za mafuta moja moja, hutoa kiasi cha kila asidi, basi. Mlo hukadiriwa kwa hesabu, kama ile waliyoichapisha mtafiti Sara Iverson na wenzake mwaka 2004: hutafutwa mchanganyiko wa mawindo ambao mafuta yake yangekaribia zaidi yale ya ndege. Hesabu hiyo hudai mambo mawili. La kwanza ni vigezo vya marekebisho, vinavyopatikana kwa kufuga ndege na kuwalisha chakula kinachojulikana, maana mwili nao huongeza na kupunguza baadhi ya asidi. Ukibadili vigezo, mlo uliokadiriwa nao hubadilika. La pili ni maktaba ya mawindo, yaani orodha ya mawindo ambayo mafuta yake yameshapimwa. Windo lisilokuwemo, hesabu hailitaji. Fungu lake hugawiwa wengine wanaofanana nalo, na wala hutaonywa. Kisha kuna unono: samaki mnono huacha alama kubwa kuliko asiye na mafuta mengi wa uzito uleule, kwa hiyo anayetaka uzito wa chakula kilicholiwa lazima aingize kiasi cha mafuta ya kila windo. Binafsi, ripoti isiyoeleza mambo haya siiamini, hata grafu zake zipendeze vipi.

"Lazima ndege auawe."
Hapana. Kipande kidogo cha mafuta kinatosha, na damu pia hupimika, ingawa plazima (maji ya damu) huonyesha mlo wa karibuni zaidi. Albatrosi na petreli wengi wana mafuta tumboni, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ute wa ndege mwenyewe. Kumbe hutoka kwenye chakula. Mara nyingi huwa na nta, na nta hubeba alkoholi (si ile ya pombe) pamoja na asidi, hivyo zinafaa kupimwa zote mbili.